Fimbo imejitwalia sifa isiyo yake

Tarehe 1 Machi 1926 shule ya sekondari ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, na muungano wa misheni za Kiprotestanti. Katika muongo huohuo serikali ya Tanganyika ilianzisha shule yake Tabora, iliyokusudiwa hasa watoto wa watemi. Shule hizi mbili na chache za rika lao sasa zina umri wa karne moja au zinaukaribia, na zinapotajwa mbele ya waliosoma huko, watu walewale huzungumza kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya shukrani, nayo hutolewa hadharani, kwenye mahafali na kwenye harambee: shule ile ndiyo iliyonifanya mtu. Ya pili husikika baadaye, wageni wakishaondoka: njuka, yaani mwanafunzi mgeni, aliyefua soksi za wakubwa mpaka usiku wa manane, mvulana aliyechapwa mbele ya paredi kwa kosa la mwenzake, msichana aliyevishwa kibao shingoni kwa sababu alisema lugha ya mama yake. Wengi hawaoni kwamba sauti hizo zinagombana, maana wamekwisha kuzifunga pamoja kwa kiungo kifupi sana. Tulichapwa, kwa hiyo tukawa watu. Nakusudia kukishtaki kiungo hicho, hiyo "kwa hiyo" inayopita midomoni mwetu bila kuulizwa cheti. Mema ya shule zile yalikuwa na vyanzo vyake, vinavyojulikana na vinavyohesabika. Maumivu yalikuwa na vyanzo vingine kabisa. Kwa kuvichanganya tumezirithisha shule za leo kile kilichokuwa rahisi kurithisha, na kile kilicholeta matunda tumekiacha nyuma.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayosahaulika mapema. Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 Tanganyika yote ilikuwa na wanafunzi wa sekondari 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Vijana wote wa kidato cha sita wa nchi nzima wangeenea katika mabasi matatu. Miaka sita baadaye wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefika 25,000 hivi na wa kidato cha sita 830, na hata hapo ni watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya kuendelea. Hao 13 ndio waliokutana na walimu wenye shahada, vitabu vya kutosha, maabara, kitanda, na chakula kinachopikwa kila siku bila kumwuliza mzazi. Walipomaliza, wakoloni walikuwa wanafungasha virago na viti vyao maofisini vilikuwa vitupu. Kijana wa kidato cha sita wa mwaka 1961 hakuhitaji kuzungusha bahasha ya vyeti mjini. Ajira ndiyo iliyomtafuta yeye. Leo watahiniwa wa kidato cha sita Tanzania wanazidi laki moja kwa mwaka, na hakuna ofisi inayowasubiri kwa hesabu hiyo. Sasa mchukue mtoto aliyepita kwenye tundu la sindano la mitihani ya darasa la nne na la nane, mpe yote hayo, kisha mchape kila Jumatatu. Atafaulu. Usipomchapa atafaulu vilevile.

Mtetezi wa fimbo atasema kwamba hayo ni makisio, kwamba hatuwezi kurudi nyuma na kuijaribu Tabora isiyokuwa na viboko. Kweli, hatuwezi. Lakini historia yenyewe ilifanya jaribio la namna nyingine, nalo liko wazi kwa anayetaka kulitazama. Fimbo haikuwa mali ya shule teule peke yake. Ilikuwapo katika shule ya kijiji iliyoezekwa kwa nyasi, ikawapo katika shule za kati, ikawapo katika shule za misheni ambazo watoto waliishia darasa la nne na kurudi kuchunga. Kama fimbo ndiyo iliyotengeneza mawaziri, majaji na madaktari, basi hao wangechipuka kila kona ya nchi kwa idadi ileile, kwa kuwa kila kona ilichapa. Hawakuchipuka. Walitoka pale palipokuwa na maktaba. Fimbo ilikuwa kila mahali, maktaba haikuwa kila mahali, na mtu anayetafuta sababu ya tofauti hutazama kile kilichotofautiana.

Kuna jambo la pili ambalo kumbukumbu za shukrani haziwezi kutueleza, hata zikitolewa kwa moyo mweupe. Hutolewa na waliobaki. Katika Decolonising the Mind, Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza habari ya mvulana waliyesoma naye mwaka 1954, aliyepata alama za juu katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa kuanguka Kiingereza alihesabiwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake nyingine zilikuwa za kawaida lakini Kiingereza chake kizuri, ndiye aliyepelekwa Alliance. Tunacho kitabu cha aliyechaguliwa. Cha utingo hatuna. Huko Mombasa, Ali Mazrui alimaliza sekondari mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Akawa karani, na lau Gavana wa Kenya asingemsikia akihutubia kwenye sherehe za Maulidi, na njia ya masomo Uingereza isingefunguka, pengine angebaki karani mwenye maneno mazuri. Katika miaka ya 1960 alirudi Afrika Mashariki na kuwa profesa wa Makerere, chuo kilekile. Mazrui tunamjua kwa sababu bahati ilimpitia. Wenzake wa daraja la tatu ambao hakuna gavana aliyewasikia hawajulikani, wala hawakaribishwi katika mikutano ya wahitimu, kwa maana neno lenyewe "mhitimu" limewafungia mlango. Wafikirie pia wasichana wa Tanzania waliofukuzwa shule kwa ajili ya mimba, miaka nenda miaka rudi, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Msichana aliyetolewa kidato cha pili naye alisoma pale, alikula katika bwalo lile, anayo kumbukumbu ya shule ile. Anapoulizwa mtu aseme shule ilimfaa nini, yeye haulizwi.

Hata waliobaki hawasemi neno moja maisha yao yote, na hapa ndipo mchanganyiko wa kumbukumbu unapokuwa na thamani. Ngũgĩ aliiandika shule yake zaidi ya mara moja. Mwaka 1977, katika riwaya ya Petals of Blood, aliumba shule ya Siriana yenye mwalimu mkuu wa Kiingereza anayewadharau Waafrika, na wasomaji wengi waliiona Alliance na mkuu wake, Edward Carey Francis, nyuma ya pazia hilo jepesi. Miaka 35 baadaye, katika In the House of the Interpreter, alirudi Alliance kwa jina lake halisi na kuandika miaka yake ya 1955 hadi 1958. Safari hii picha ina vivuli zaidi. Nje ya geti kuna hali ya hatari: mwanafunzi anarudi likizo ya kwanza na kukuta kijiji chao kimebomolewa, watu wamehamishiwa katika kijiji cha ulinzi, na kaka yake yuko msituni na Mau Mau. Ndani ya geti kuna vitabu, tamthilia, mashindano ya hoja, na mwalimu mkali ambaye mwandishi haachi kumheshimu wala haachi kumhoji. Shule ile ilikuwa kimbilio, na ilikuwa pia chombo cha serikali iliyobomoa kijiji. Msomaji anaweza kuuliza ni Ngũgĩ yupi anayesema kweli, wa mwaka 1977 au wa mwaka 2012. Kwangu wote wawili wanasema kweli, na wa pili amefanya kazi ngumu zaidi, kwa sababu amekubali kuacha mambo mawili yakae chumba kimoja bila kulazimisha moja limzae mwenzake. Na katika riwaya ile ya kwanza kuna jambo ambalo viongozi wa vyama vya wahitimu wangefaa kulitafakari. Chui, mwanafunzi aliyeongoza mgomo Siriana akafukuzwa, baadaye anarudi kuwa mkuu wa shule hiyo hiyo, na anaitawala kwa mkono uleule aliougomea.

Huyo Carey Francis anastahili kutazamwa kwa haki, maana ndiye hutolewa kama shahidi wa nidhamu ya zamani. Alikuwa mhadhiri wa hisabati Cambridge. Mwaka 1928 aliiacha kazi hiyo akaja kufundisha Maseno, mwaka 1940 akahamia Alliance, akakaa hapo miaka 22. Alipostaafu mwaka 1962 hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha sekondari ya Pumwani, mitaa ya Nairobi ambayo hakuna mwalimu mkuu aliyeililia, mpaka alipofariki mwaka 1966. Shule yake haikukosa fimbo, na siasa zake zilikuwa za mtu wa dola yake. Lakini jiulize ni kipi katika maisha hayo kilichokuwa adimu. Wakuu wa shule wenye fimbo walikuwa wengi kama mchanga wa pwani. Mwanahisabati wa Cambridge anayekaa shule moja miaka 22, anayeingia darasani kila siku kipindi kinapogongwa, huyo hapatikani kirahisi hata leo. Nidhamu ambayo wahitimu huikumbuka kwa upendo, ukiwasikiliza kwa makini, mara nyingi ni hii: kengele iliyolia kwa wakati, mwalimu aliyekuja, daftari lililosahihishwa, saa za kujisomea usiku zilizoheshimiwa. Hayo yote yanawezekana bila mtoto kulala kifudifudi kwenye nyasi.

Wangari Maathai anatusaidia kuona jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kutenganishwa na mtu aliyeyapitia yote mawili. Alisoma kwa masista wa Kikatoliki Nyeri, kisha Loreto Limuru, na katika kumbukumbu zake za mwaka 2006, Unbowed, anawasema masista kwa mapenzi ya wazi: waliacha nchi zao, walifanya kazi bila kuchoka, walimfungulia sayansi. Katika kurasa zilezile anaeleza juu ya beji aliyopewa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani, beji yenye maneno ya kumwita mjinga, ambayo naye aliipitisha kwa mwenzake atakayenaswa baada yake. Wanafunzi wa Kenya wa vizazi vya baadaye waliijua kwa jina la diski. Tazama jinsi ilivyobuniwa: mtoto anafundishwa kumvizia mtoto mwenzake ili aiondoe aibu yake mwenyewe. Maathai anakubali kwamba Kiingereza walikijua. Hakubali kwamba aibu ile ilikuwa bei ya haki. Angeweza kusema kama wengi wasemavyo, tulivishwa beji kwa hiyo nikapata Nobeli. Hakusema hivyo, na alikuwa na kila sababu ya kuisamehe shule iliyomfikisha mbali vile.

Mwalimu Nyerere naye alikuwa mwanafunzi wa zamani. Aliingia Tabora mwaka 1937, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akatoka hapo kwenda Makerere. Hatukuzoea kuisoma Elimu ya Kujitegemea kama kumbukumbu ya shule, lakini naona imebeba ndani yake hesabu ya mtu aliyefaidika na mfumo kuliko karibu kila mtu mwingine nchini, na ambaye kwa hiyo aliujua kwa ndani. Alisema elimu ile iliwatenga wachache na jamii iliyowalisha, na iliwafundisha vijana kuwaona wazazi wao kuwa washamba wasiojua kitu. Alitaka shule ziwe na mashamba, mwanafunzi ashike jembe na aone fahari. Kilichofuata katika shule nyingi kinaumiza kukisimulia. Jembe likaingia kwenye orodha ya adhabu. Aliyechelewa namba alipewa eneo la kufyeka, aliyetoroka alipewa kisiki cha kung'oa, na kazi ya mkulima, ambayo ndiyo kazi ya wazazi wa wengi wao, ikawa ndiyo sura ya kosa. Waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wengi huukumbuka "ujamaa wa shule" kama malengelenge. Wazo la mwanafunzi wa zamani aliyetaka kurekebisha shule lilimezwa na desturi ya adhabu iliyokuwa imelitangulia, na hilo linatuonyesha nguvu ya desturi hiyo: ina uwezo wa kukila hata kile kilichokuja kuiponya.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo husemwa kwa hamasa kuliko yote, kwamba fimbo ni malezi yetu na wanaoipinga wameiga Ulaya. Ukoo wa desturi hii unafuatika. Viranja, mabweni yenye majina na rangi, kidato cha kwanza kuwatumikia wa juu yao, yote haya yalikuja kwa meli kutoka Uingereza, yakiwa yamekwisha kupikwa katika shule za mabwanyenye wa huko, na Tabora ilijengwa kwa kielelezo hicho waziwazi. Kabla ya Mwingereza, Mjerumani alikuwa amelifanya neno "hamsa ishirini" lijulikane kuanzia pwani hadi maziwa makuu, viboko ishirini na vitano vya mtu mzima aliyelazwa chini mbele ya watu. Malezi ya kale yalikuwa na ukali wake, wala sitaki kuyapamba. Jando lilikuwa na maumivu. Lakini aliyeingia jandoni alikuwa na mlezi aliyewajibika kwa wazazi wake, muda ulikuwa na mwisho, na mwishoni watu wote walitoka wamehitimu. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kuwa amepata daraja la nne. Na hao Waingereza tunaodaiwa kuwaiga kwa kuiacha fimbo, waliipiga marufuku katika shule zao za serikali mwaka 1987 tu. Kabla ya hapo nao walikuwa na wahitimu wa shule teule, wale waliochujwa kwa mtihani wa miaka kumi na moja chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, na nao walikuwa na sauti mbili. Brian Jackson na Dennis Marsden, wenyewe wakiwa watoto wa wafanyakazi wa Huddersfield, waliwatembelea watu 88 wa asili kama yao waliopitia shule hizo, wakachapisha matokeo mwaka 1962. Walikuta shukrani, na walikuta pia watu waliopanda ngazi na kugundua kwamba hawawezi tena kuzungumza na baba zao. Huddersfield ndio mji uleule aliofikia Mazrui katikati ya miaka ya 1950 kusoma upya alichonyimwa. Kumbukumbu mchanganyiko ni alama ya shule inayochagua wachache, iwe inaongozwa na mzungu au na mswahili.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na wako wanaosema tangu hapo shule zimegeuka tanuri, watoto wanachoma mabweni kwa sababu hawaogopi mtu. Moto wa mabweni ni msiba wa kweli, na familia nyingi zimezika watoto. Hata hivyo kalenda haiungi mkono dai hilo. Usiku wa Julai 1991 katika sekondari ya St. Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana, wasichana 19 wakafa na wengine wengi wakabakwa. Machi 1998 moto uliua wasichana 26 wa Bombolulu, huko pwani. Mwaka 1999 katika sekondari ya wavulana Nyeri, viranja wanne walichomwa moto na wenzao wakiwa wamelala. Hiyo ilikuwa miaka ya fimbo, fimbo halali iliyokuwa mkononi mwa kila mwalimu. Nyeri hasa inatakiwa kutunyamazisha. Waliolengwa ni viranja, yaani watoto waliopewa madaraka juu ya watoto. Na miaka mingi baada ya marufuku, mapema mwaka 2017, ripoti ya wakaguzi wa elimu ilieleza jinsi viranja wa Alliance walivyokuwa wakiwapiga na kuwadhalilisha wanafunzi wapya, mpaka mkuu wa shule akaondoka kwenye wadhifa. Sheria ilikuwa imemnyang'anya mwalimu fimbo, lakini desturi ilikuwa imebaki bwenini, na haikosi watetezi wa kusema kwamba nao waliyapitia hayo wakiwa mono, yaani kidato cha kwanza, na hawakufa. Kila anayesema hivyo humpa kiranja wa leo kibali ambacho wizara imemnyima.

Tanzania bado inairuhusu fimbo. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Anayeijua shule ya Tanzania anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na asubuhi ya kawaida. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wanafunzi wakimshambulia kwa mateke na ngumi mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano alifariki Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu. Baada ya matukio kama hayo kuna hasira ya siku chache, kisha husikika tena ile "kwa hiyo". Tangu mwaka 2004 tumejenga sekondari za kata kwa maelfu, jambo jema na kubwa, ambalo limewaingiza darasani watoto ambao mwaka 1967 wangekuwa miongoni mwa wale 87 katika kila 100. Lakini tazama walichokikuta. Maabara ilichelewa, mwalimu wa hisabati hajaja, vitabu vinagawanywa kwa wengi, bweni hakuna na mtoto anatembea kilomita nyingi kwenda na kurudi akiwa na njaa. Fimbo imo, tena imefika siku ya kwanza, maana haihitaji bajeti. Tumeipelekea kata nzima sehemu ya Tabora isiyogharimu kitu, halafu matokeo ya kidato cha nne yakitoka vibaya tunasema watoto wa siku hizi hawana nidhamu.

Wako watakaosema kwamba wanaokumbuka uchungu ni walioshindwa, wenye kinyongo, na kwamba si haki kuwapima walimu wa miaka ya 1950 kwa mizani ya leo. Kuhusu kinyongo, nimewataja Ngũgĩ, Maathai na Nyerere. Ni vigumu kuwaita watu walioshindwa. Kuhusu mizani, sina haja ya kumhukumu mwalimu aliyelala kaburini. Alitenda kama walivyotenda wenzake wote, na wengine wao walitoa maisha yao kwa watoto wasio wao. Swali langu linawahusu walio hai, hasa wahitimu wa shule kongwe ambao leo wako kwenye bodi za shule, wizarani na bungeni, na ambao neno lao juu ya malezi linasikilizwa kuliko la mtaalamu yeyote wa elimu. Wanapochangia ukarabati wa bweni la zamani wanafanya jema. Wanapopanda jukwaani na kuwaambia watoto kwamba bila viboko wasingefika walipo, wanawatolea ushahidi wa jambo ambalo hawakuliona, kwa sababu hakuna mtu aliyeona maisha yake mengine ambayo hakuyaishi. Wangeweza kusema wanachokijua kwa hakika: kulikuwa na mwalimu aliyekuja kila siku, kulikuwa na kitabu kwa kila dawati, tulikula. Wakisema hivyo, mtoto wa shule ya kata atajua cha kudai.

Vyama vya wahitimu vinapojiandaa kwa sherehe za miaka mia, vitaandika vitabu vya historia na kupaka rangi mbao za majina ya viranja wakuu. Katika kila shule kongwe kuna kumbukumbu nyingine ambayo ingefaa ifunguliwe kabla ya kitabu hicho kuandikwa, nayo ni daftari la uandikishaji. Humo limo jina la kila aliyeingia, siyo la aliyemaliza tu, na mkabala wa majina mengine kuna tarehe ya kutoka na neno moja au mawili ya sababu: ada, utoro, mgomo, mimba, amefukuzwa. Wengi wao wangali hai, wana wajukuu, na hawajawahi kupata barua ya mwaliko kutoka shule waliyoisoma.